Herufi nono zilikonda baada ya kuzungushiwa mstari: jinsi nilivyotatua

Nilikuwa natengeneza stika za pakiti za kashata kwa Inkscape, programu ya kuchora kwenye kompyuta. Jina nililiandika kwa Baloo 2, fonti ya bure ya Ek Type, wabunifu wa fonti wa Mumbai, kwa uzito wa 800, ule mnene kuliko yote. Ni fonti ya kuchangamka, kona zake zote za mviringo, watoto wanaipenda. Nilipozungushia mstari wa kahawia, herufi zikakonda na unono wote ukayeyuka.

Sababu ni kwamba mstari hukaa katikati ya ukingo: nusu nje, nusu ndani, na ile ya ndani inakula mwili wa herufi. Fungua Fill and Stroke, nenda Stroke style, kwenye Order chagua mstari uchorwe kwanza, rangi ya herufi ije juu yake. Unono ukarudi palepale. Nikaachanisha herufi kidogo zisikanyagane, kisha Ctrl+Shift+C kuzigeuza maumbo, maana mashine ya mchapishaji isipokuwa na fonti yako huweka yoyote iliyo nayo.

Orodha ya viambato niliiandika kwa fonti nyingine, Noto Sans. Baloo nene ikiwa ndogo, tundu za a na e huzibwa na wino.