Kuzunguka ziwa na kamera, na filta iliyogoma kufunguka

Nilianzia ukingo wa mashariki, ziwa likiwa mkono wa kulia, na huo ndio mwelekeo ninaoupendekeza kwa yeyote anayelizunguka ziwa kwa siku moja katika nusu ya kaskazini ya dunia. Asubuhi jua liko mgongoni na ng'ambo yote inawaka. Adhuhuri jua limehamia kusini, nawe uko ukingo wa kusini ukitazama kaskazini. Jioni umefika magharibi. Kusini mwa ikweta, geuza: ziwa likae kushoto. Atakayesema mwanga wa mgongoni ni bapa hajakosea, hasa kwa ukungu, ambao hupendeza ukipigwa na jua kutoka nyuma yake. Lakini kugeuka na kulitazama jua ni hatua moja. Kurudi kilomita tano kwa sababu ulianza vibaya ni jambo jingine.

Aliyezoea jua la ikweta, linalochomoza karibu saa ileile mwaka mzima, huyu atadanganyika na majira ya kuchipua. Karibu na latitudo 50, mwishoni mwa Machi, mchana hurefuka kwa takriban dakika nne kila siku, nusu yake upande wa alfajiri. Ratiba ya wiki iliyopita imeshachelewa kwa karibu robo saa. Ukungu nao haumsubiri mtu. Huinuka pale usiku ulipokuwa bila mawingu wala upepo, hewa ikapoa kuliko maji, na jua likipanda kidogo tu umekwisha.

Njia ilikuwa tope. Theluji ya mwisho ikiyeyuka, udongo wa chini bado umeganda na maji hayana pa kwenda, kwa hiyo hata mahali palipoinuka viatu vinazama. Buti zisizopitisha maji hazikunisaidia kitu, kwani maji yaliingilia juu.

Nilibeba lenzi moja tu, ya kuvuta vya mbali, milimita 70–300, yenye filta ya polaraiza mbele. Filta hii hukata mng'ao wa maji na wa majani mabichi yaliyolowa, ila izungushe polepole ukitazama kwenye kioo, maana ukiifikisha mwisho inaweza kufuta hata taswira ya miti uliyoifuata. Taswira ukitaka ikolee, izungushe hadi irudi, kisha chuchumaa. Kamera ikishuka karibu na maji, mwanga hugonga uso wa maji kwa mshazari mkali zaidi na maji huakisi zaidi.

Basi nilikuwa nimechuchumaa hivyo, f/8 (tundu la lenzi; namba ndogo, tundu pana), ISO 800 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), spidi ya shata 1/60 ya sekunde, mandhari tulivu, hakuna cha kukimbia. Vibisi wawili wenye vishungi, ndege wa majini, wakatoka kwenye matete.

Ngoma yao ina hatua. Mwanabiolojia Mwingereza Julian Huxley alichapisha uchunguzi wake juu yake mwaka 1914, na aliyewahi kuisoma habari hiyo anajua kinachofuata: wanatazamana, wanatikisa vichwa huku na huku, mashungi yamesimama, kisha wanazama. Wakiibuka na magugu-maji mdomoni, wanainuka kifua kwa kifua, miguu ikikanyaga maji kwa kasi. Kipindi cha kuinuka ni kifupi mno.

Kwa 1/60 vichwa vile ni moshi. Nilihitaji 1/1000, yaani stopu nne, kila stopu ikiwa ni mwanga mara mbili au nusu yake. Hesabu yake ni nyepesi: filta inakula karibu stopu mbili, kutoka f/8 kwenda f/5.6 ni moja, ISO 800 kwenda 1600 ni moja. Nikaanza na filta, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na mbili. Kosa.

Filta ya polaraiza ina pete mbili. Ya mbele inazunguka bure, ndiyo kazi yake, hata uizungushe mpaka jioni haifunguki. Inayoshika uzi wa lenzi ni ile ya nyuma, nyembamba kama ukucha, na vidole vilivyokufa ganzi haviikamati. Tena ukiibana kwa nguvu sehemu mbili zinazotazamana, duara linapinda kidogo na uzi unashikana zaidi. Dawa yake ni mpira mwembamba wa kufungia, uuzungushie pete ya nyuma, ushike kwa kiganja kizima bila kubana, ndipo ugeuze. Nilikuwa nao mpira huo. Ulikuwa chini kabisa ya begi.

Nilipaswa kuiacha filta mahali pake. F/5.6 ingenipa 1/125, ISO 1600 ikanipa 1/250, ISO 3200 ikanipa 1/500, yote kwa kidole gumba, jicho halijatoka kwenye kamera. Chenga za ISO 3200, yaani vidoadoa kwenye picha, hupunguzwa nyumbani kwa programu. Kichwa kilichogeuka moshi hakina dawa. Kamera nyingi zina nafasi za kuhifadhi mipangilio, na sasa yangu ya kwanza ni ya mandhari, ya pili ni ya ndege.

Picha tatu nilizowahi zilionekana kali kwenye kioo cha nyuma. Vioo hivyo ni vidogo, kila kitu humo ni kikali. Kuza hadi asilimia 100 uangalie jicho la ndege kabla hujafurahi. La wangu lilikuwa mstari mwekundu.

Kuwafuata ndani ya matete ni mwiko: kiota cha kibisi huelea, na akikimbizwa mayai hupoa. Nikaondoka. Ukingo wa kusini na wa magharibi nilivipita kwa haraka, saa sita nzima za jua la juu na anga tupu lisilo na wingu, mwanga wa kupigia kitambulisho.

Jioni nilikamilisha duara na kuwakuta palepale. Filta mfukoni, 1/1000, f/5.6, ISO 1600. Walikuwa wamekunja shingo mgongoni, wamelala. Ninazo picha arobaini za vibisi waliolala, kali hadi unyoya mmoja mmoja.