Mtoto anayethubutu kusema "sijaelewa"

Nikitaka kujua mtoto analelewaje kwao, siangalii sare wala viatu. Narudisha madaftari ya hisabati yaliyosahihishwa, kisha natazama mikono. Wapo wanaofungua palepale na kupitisha kidole kwenye makosa yao. Wapo wanaolikunja daftari jirani asione, wakalisukumia chini kabisa ya begi. Na kila muhula nakutana na madaftari yaliyonyofolewa kurasa za katikati, taratibu, ili yasionekane yamechanwa. Kurasa zinazopotea ni zile zenye kalamu nyekundu.

Ninafundisha darasa la nne katika shule ya serikali wilayani Muheza, mkoa wa Tanga. Mwishoni mwa Oktoba watoto hawa hufanya Upimaji wa Kitaifa, na wengine wanaufikia bado wakibabaika kwenye jedwali la kuzidisha. Kiwango rasmi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016 watoto wamekuja kwa wingi, jambo ninalolifurahia kwa moyo wote, lakini darasa langu limekivuka kiwango hicho kwa mbali. Katika wingi huo siwezi kumpitia kila mmoja kila siku nijue amekwama wapi. Namtegemea mtoto aniambie. Na mtoto anayeweza kusimama akasema "mwalimu, hapa sijaelewa" huwa amezoea kusema hivyo nyumbani kwao bila kuumizwa.

Kwenye vikao vya wazazi kuna sentensi ninayoisikia kila mara: "Mchape tu, mwalimu, mimi nimekuruhusu." Husemwa kwa nia njema, tena mara nyingi na mzazi anayehangaika kweli na mwanawe. Nawajibu kwamba hata kanuni zetu za mwaka 2002 zinataka viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mtu aliyemteua kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Tena viliwekwa kwa makosa makubwa ya nidhamu. Kushindwa kujumlisha sehemu hakumo.

Nilikuwa na mvulana mmoja ambaye msimu wa machungwa huwasaidia wakubwa zake kuuza pale standi. Chenji anaipiga kichwani kabla abiria hajamaliza kuhesabu noti. Darasani akawa haandiki njia. Anaandika jibu tu, mara nyingi sahihi, na ukimuuliza amelipataje anasema amesahau. Alikuwa ananakili kwa jirani. Kwao ilikuwa kosa moja, fimbo moja, na baba yake alinieleza hivyo waziwazi, bila kuficha. Si mtu mbaya. Aliishia darasa la saba, na anachotaka ni kijana wake afike mbali kuliko yeye.

Nilimwomba ajaribu mwezi mmoja: fimbo aiweke kando, na kila jioni amuulize mtoto, "Leo kipi kimekushinda?" Amsikilize mpaka mwisho, na kesho yake amuulize tena kama amekipata. Alikubali shingo upande. Mtoto hakugeuka kuwa wa kwanza darasani. Kilichobadilika ni kwamba alianza kuacha njia zake kwenye karatasi, hata zilizokosewa, na hapo ndipo nikaona: robo moja kuongeza robo mbili, yeye anaandika 3/8. Alikuwa anajumlisha kiasi (namba ya juu) kwa kiasi, halafu na asili (namba ya chini) kwa asili. Kosa hilo lina dawa ya dakika kumi, ila mwalimu lazima alione. Muhula mzima lilikuwa limefichwa nyuma ya majibu ya jirani.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Diana Baumrind, alianza kuandika juu ya malezi ya namna hizi miaka ya 1960. Alimtofautisha mzazi wa amri tupu na mzazi anayemwachia mtoto kila kitu, na katikati akamweka yule anayedai mengi huku akisikiliza na kueleza sababu. Mwaka 1987 mtafiti Sanford Dornbusch na wenzake walichapisha utafiti wa wanafunzi wa sekondari zaidi ya 7,000 wa eneo la San Francisco: amri tupu na kuachia kupita kiasi viliambatana na alama za chini, na ile njia ya katikati na alama za juu. Lakini muundo huo haukukaa sawasawa kwa watoto wenye asili ya Asia, ambao wazazi wao walionekana wakali na bado watoto walifaulu. Mwaka 1994 mtafiti mwingine, Ruth Chao, akaeleza kwamba ukali wa wazazi wa Kichina umefungamana na kujali, kuwa karibu na mtoto na kumfundisha, hivyo si sawa kuupima kwa kipimo cha Wamarekani wenye asili ya Ulaya.

Maelezo hayo yananigusa kwa sababu ya bibi mmoja wa hapa kijijini. Mkali haswa. Mjukuu wake hathubutu kuchelewa kurudi, na mchezo hauanzi kabla ya kazi ya shule. Bibi huyu amesoma madrasa tu, Kurani anaisoma vizuri, lakini vitabu vyetu vya shule haviwezi. Kila siku baada ya magharibi anamkalisha mjukuu amsomee habari kwa sauti, kisha anauliza inasema nini. Kesho anamrudisha palepale asome tena. Habari ikibadilika, anajua jana mtoto alitunga, na wanaanza upya, neno kwa neno, bila kofi. Mtoto huyo ni miongoni mwa wasomaji wangu bora wa Kiswahili. Kwa hiyo sikubali ninapoambiwa kwamba mzazi asiyesoma hana la kumsaidia mtoto.

Upande wa pili wapo wanaopendwa sana na hawaulizwi chochote. Simu wanashika mpaka usiku wa manane, tamthilia wanaangalia na wakubwa, asubuhi kipindi cha kwanza wanasinzia. Wazazi wao huniambia "yeye mwenyewe hapendi hesabu", kama vile mtoto wa miaka kumi ameshaamua maisha yake. Mtoto huyu haogopi kosa, lakini halirudii pia, kwa sababu hakuna mtu atakayemuuliza kesho.

Muhula huu, kwa kibali cha mwalimu mkuu, nimebadilisha utaratibu wa sahihi. Zamani mzazi alisaini chini ya alama. Sasa nawaomba wasaini pembeni ya kosa moja waliloliangalia pamoja na mtoto, na asiyejua kuandika aweke alama yoyote. Si wote wameitikia. Ila wiki iliyopita daftari moja lilirudi na swali la mama mzazi mwenyewe, kwa kalamu ya bluu: kwa nini hizo nne za chini hazijumlishwi? Nimemchorea chungwa lililokatwa vipande vinne, nikatia rangi vitatu, na nikamwandikia kwamba Jumatano baada ya vipindi nipo, aje na mtoto.