Nimerudi Dar, nikalala hotelini

Niliondoka Dar mwaka 2011. Nimerudi mwezi uliopita, na siku nne za kwanza nililala hotelini, jambo ambalo mama mpaka leo hajalimeza. "Una kwenu Mbagala, halafu unalipia kitanda mjini?" Nikamweleza kwamba nina cheti cha kuzaliwa cha kufuatilia RITA, ofisi ya serikali inayotoa vyeti hivyo, kitambulisho cha taifa sina, na nikianza kugombea daladala ya Posta kila alfajiri nitafika ofisini nimeshachoka. Akanyamaza. Kunyamaza kwa mama nakujua.

Kwa mahali ilipo, hoteli ile haina mpinzani. Ukitoka mlangoni, hatua chache tu uko kwenye Mnara wa Askari, yule wa shaba aliyesimama pale tangu 1927 na bunduki yake. RITA nilikwenda kwa miguu. Kivukoni pia kwa miguu, na ndipo unapopanda basi la mwendokasi la kwenda Kimara, kitu ambacho naondoka hakikuwepo. Usiku wa kwanza nilifungua dirisha, nikasikia honi ya pantoni inavuka kwenda Kigamboni. Baba alikuwa akinishika mkono pale Feri tukisubiri kuvuka. Nilikaa dirishani mpaka mbu wakanifukuza.

Huduma sasa. Ilitegemea nani yuko zamu, basi. Asubuhi ya kwanza nilikuta chapati za moto, maharage ya nazi na chai ya tangawizi, na mhudumu akaniuliza kama nimelala salama. Asubuhi ya pili, meza ileile, mkate mkavu na chupa ya chai iliyopoa, niliyemuuliza akasema, "Ndiyo iliyopo." Maji ya moto yalitoka siku mbili kati ya nne. Taulo niliomba mara tatu. Hayo yote nilikuwa tayari kuyasamehe.

Siku ya tatu mama alikuja kunitembelea bila kunipigia. Nilikuwa kwenye foleni. Niliporudi saa nane mchana nilimkuta ameketi kwenye ngazi za nje, juani, hotipoti ameipakata, ameifunga kwa khanga. Mlinzi alimwambia chakula cha nje hakiruhusiwi, na wa mapokezi, bila kuinua macho kwenye simu, akamwambia wageni wanasubiri nje. Ana miaka 71. Hata maji hakupewa. Nilipoingia kuuliza, nikajibiwa kwamba huo ndio utaratibu. Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka, na mama akanivuta mkono: "Mwanangu, acha. Twende tukakae popote."

Tulikuwa bado tunabishana pale mlangoni zamu ikabadilika. Akaja binti mmoja, sare bado anaifunga vifungo. Alipomwona mama alisimama. "Shikamoo mama. Mbona uko juani?" Akaipokea hotipoti kwa mikono miwili, akatufungulia ukumbi wa chakula uliokuwa umefungwa, akaleta sahani, vijiko na maji ya kunawa. Hakuna aliyemwagiza.

Jengo ni lilelile, na kati ya watu hao wawili haikupita saa moja. Nilimwambia meneja jioni: heshima ya mzazi isiachiwe bahati ya zamu. Kama utaratibu wenu unamweka mama wa mtu kwenye ngazi, andikeni mwingine, na yule binti ndiye awafundishe wenzake, kwa sababu anajua tayari. Akasema atalifanyia kazi. Natumaini, kwa kuwa pale mahali ni pazuri mno na ningependa wengi wanaorudi wafikie hapo.

Ndani ya hotipoti mlikuwa na wali wa nazi na samaki wa kupaka. Mama alipakua sahani yangu, akapakua yake, kisha akavuta sahani ya tatu, akamwita yule binti.

"Njoo ule, mwanangu. Hujala wewe."