Shingo ya mama samaki

Leo Kibuye, Kisumu. Nimebeba mfuko wa viazi kwa mkono mmoja, nimelalia upande kama mnazi wa ufukweni.

Akanipita mama wa makamo, karai la samaki kichwani. Mkono mmoja una simu, mwingine unaning'inia tu.

Mimi nasomea tiba ya viungo, sikuweza kunyamaza.

"Mama, hiyo shingo haiumi?"

Akacheka. "Nikisimama inauma, mwanangu. Nikitembea sisikii kitu."

Mwaka 1986 jarida la Nature lilitoa vipimo vya wanawake Waluo na Wakikuyu: mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea matumizi ya oksijeni wakitembea. Kwa mtu wa kilo 60, hizo ni kilo 12 za bure! Vipimo vya 1995 vikaeleza sababu: mwili hupanda na kushuka kila hatua, na wao, wakiwa na mzigo kichwani, hupoteza nishati ndogo kuliko watu wengine katika kupanda na kushuka huko.

(Utafiti wa 2010 kwa wanawake Waxhosa, Afrika Kusini, haukuona nafuu hiyo. Kwa hiyo msiniletee habari za "nguvu za asili".)

Lakini hilo la kusimama ndilo limenikaa. Tunapima watu wakitembea kwenye mashine. Kusimama stendi ukingoja matatu na karai kichwani, nani anapima?

Mliobeba maji au kuni kichwani, shingo iliuma mkitembea au mkisimama?

Na ngata mlitengeneza kwa leso au majani ya mgomba?