Asilimia 14.2 ya nini?

"Vuta pumzi. Shusha. Vuta tena. Shusha… bana hapo hapo."

Maneno hayo nimeyasema kwenye maikrofoni kwa miaka 11, na sikuwahi kujiuliza yanasikikaje upande wa pili. Jumanne moja mwaka juzi nikayasikia mwenyewe, nimelala chali ndani ya mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, koili ya kunasia ishara imefungwa kifuani kama jaketi la kuokolea, na mpigaji picha ni kijana niliyemfundisha mimi. Sekunde 18 za kubana pumzi ni nyingi, jamani. Wagonjwa wote niliowahi kuwakaripia kwa kupumua katikati ya picha, nisameheni.

Sikuingia kwa ajili ya ugonjwa. Tulikuwa tumewekewa programu mpya ya kupima mafuta kwenye ini, na alihitajika mtu wa kujaribishia. Wenzangu wakatazamana, kisha wakanitazama mimi. "Dada, ingia wewe," akasema yule kijana, kwa adabu zote. Nilimwelewa. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilipimwa ultrasaundi kwa sababu nyingine kabisa, ripoti ikasema ini langu "linang'aa kiasi".

Hilo neno "kiasi" lilinikera kwa mwaka mzima. Kwenye ultrasaundi, daktari hulinganisha weupe wa ini na weupe wa figo lililo jirani yake. Ini lenye mafuta hurudisha mawimbi ya sauti kwa wingi, kwa hiyo hung'aa. Ni kipimo rahisi na hakimuumizi mtu, lakini mafuta yakiwa kidogo hupita bila kuonekana, na yakionekana, mmoja ataandika "kidogo" na mwenzake "wastani" kwa picha ileile. Maoni si namba.

MRI inatoa namba. Jinsi inavyoipata ndiyo inayonifanya niipende kazi hii hata zamu ikiwa ya usiku.

Mashine haiyaoni mafuta kama mafuta. Inasikiliza protoni za haidrojeni, yaani vile viini vya atomu zake, na haidrojeni imo kwenye maji na kwenye mafuta pia. Ndani ya sumaku protoni huyumba kama pia ya kuchezea inavyoyumba ikizungushwa, na kwa sumaku yenye nguvu ya Tesla 1.5, kama yetu, huyumba karibu mara milioni 64 kwa sekunde. Sasa, protoni za mafuta huyumba polepole kidogo kuliko za maji. Tofauti ni kama sehemu tatu na nusu kwa milioni. Ni uchache unaochekesha, ila kwenye sumaku yetu unatosha kufanya maji yayatangulie mafuta kwa mizunguko kama 220 kila sekunde.

Fikiria mishale miwili ya saa. Kuna wakati inalaliana na kuna wakati inaelekea pande tofauti kabisa. Milisekunde 2.3 baada ya kuamshwa na wimbi la redio, maji na mafuta yanapingana, milisekunde 4.6 yako pamoja tena. Ukipiga picha yanapokuwa pamoja, sauti zao zinajumlika. Ukipiga yanapopingana, moja inaila nyingine, na ini lenye mafuta linageuka jeusi mbele ya macho yako. W. Thomas Dixon ndiye aliyeonyesha mwaka 1984 kwamba kwa picha mbili hizo unaweza kuyatenganisha maji na mafuta kwa kujumlisha na kutoa tu. Hesabu ya shule ya msingi!

Ingekuwa hivyo tu, nisingekuwa na la kuandika. Hesabu hiyo ya picha mbili ina mtego, na mimi nimewahi kunasa humo. Ishara ya MRI hufifia kadiri muda unavyokwenda, na madini ya chuma yakijaa kwenye ini huififisha upesi sana. Tulipata mgonjwa aliyekuwa ameongezewa damu mara nyingi maishani. Picha ya pili, ile ya pamoja, ilitoka nyeusi kuliko ya kwanza. Nikapiga hesabu kwa fomula ya zamani. Jibu: mafuta hasi. Yaani ini linadaiwa mafuta. Nilirudia mara tatu nikidhani nimekosea vitufe vya kikokotoo, kumbe chuma cha damu ile ndicho kilichokuwa kinaimeza ishara.

Ndiyo maana programu za sasa hazipigi mbili. Yetu inapiga picha sita, zikifuatana kwa milisekunde chache, ndani ya pumzi moja ileile. Kutokana na zote sita inakadiria ishara inafifia kwa kasi gani, kisha inaurekebisha ufifiaji huo. Inakumbuka pia kwamba mafuta hayana sauti moja, yaani kasi moja ya kuyumba. Yana kadhaa, mojawapo ikiwa imekaa karibu sana na ya maji. Na inaziamsha protoni kwa upole, kwa pembe ndogo, ili mafuta yasionekane mengi kuliko yalivyo kwa sababu tu yanajirudi haraka kuliko maji. Baada ya marekebisho hayo yote ndipo inagawanya: protoni za mafuta kwa protoni zote, za mafuta na za maji. Jibu ni asilimia, na kwenye ripoti huandikwa PDFF, kifupi cha Kiingereza cha sehemu ya protoni iliyo ya mafuta.

Picha yangu ilipotoka, kijana akanyamaza. Mtu akinyamaza kwenye chumba cha MRI unaanza kuhesabu watoto wako.

"Vipi?" nikauliza nikiwa bado nimelala.

"Dada… upande wa kushoto wa ini inasema 86."

Nilicheka hadi koili ikatikisika. Ini lenye mafuta asilimia 86 si ini, huo ni mshumaa. Kilichotokea ni kwamba programu ilichanganya majina: maji ikayaita mafuta, mafuta ikayaita maji. Hutokea sana pale uga wa sumaku unapovurugika, kama karibu na mapafu yenye hewa. Dawa yake ni kuyatengeneza upya mazingira ya sumaku na kurudia. Ila hata kabla ya kurudia nilishalijua jibu langu, maana 100 ukitoa 86 inabaki 14.

Mara ya pili ilisoma 14.2.

Nyumbani ndiko nilikopata kazi. Mume wangu aliiangalia ile karatasi muda mrefu, akaishusha. "Kwa hiyo Mama Nuru, asilimia 14 ya ini lako imekufa?"

Hapana, hakuna kilichokufa. Ila swali lake ni zuri kuliko anavyodhani, kwa sababu hata madaktari huchanganya hapa. Kuna asilimia mbili tofauti zinazozungumziwa kwa jina moja. Mpimaji wa kinyama kilichotolewa kwa sindano huangalia kwa hadubini na kuhesabu ni chembe hai ngapi za ini kati ya mia zina matone ya mafuta. Chembe ikiwa na tone moja kubwa, imehesabiwa. MRI haihesabu chembe. Inapima mafuta yenyewe dhidi ya maji. Kwa hiyo ini ambalo theluthi ya chembe zake zina mafuta linaweza kusoma 16 au 17 tu kwenye MRI, na halitakuwa limepunjwa. PDFF kupita 40 ni nadra. Anayeona 14 na kusema "ah, ni ndogo" anasoma rula ya mwingine. Mpaka wa kawaida uko karibu na 5, na mimi niliuvuka karibu mara tatu.

Kinyama chenyewe kina heshima yake, lakini ni kama sehemu moja kati ya 50,000 za ini zima, na mafuta hayajitandazi sawasawa. Pembeni mwa kibofu cha nyongo, kwa mfano, panaweza kuwa na mafuta machache kuliko kwingine. MRI inalichukua ini lote. Isichokuonyesha kwa kipimo hiki ni makovu, wala uvimbe wa ndani kwa ndani. Mtu anaweza kuwa na mafuta machache na ini limekakamaa vibaya. Kwa makovu kuna kipimo kingine cha mtikiso, hukohuko kwenye MRI, nami nilifanyiwa. Langu lilikuwa laini. Siku hiyo nililala vizuri.

Miezi saba baadaye, nikiwa nimepungua kilo nane, nikaingia tena. Mashine ileile, programu ileile, kijana yuleyule. Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu mabadiliko ya pointi moja siyaamini, yanaweza kuwa ya mkono wa mpimaji. Watafiti wa dawa za ini hutafuta namba ishuke kwa asilimia 30 ya pale ilipoanzia. Kwangu hiyo ingekuwa chini kidogo ya 10.

Sikuwa nimevaa hata viatu, kijana akaniita kwenye kompyuta huku akipiga makofi. "Dada umepona! Sita nukta moja!"

Nikasogea. Duara lake la kupimia alikuwa ameliweka katikati ya ini, kubwa, limemeza nusu ya mshipa wa damu. Damu ni maji matupu kwa macho ya mashine, na yeye alikuwa ameyachanganya maji hayo na ini langu akanipa wastani.

"Sogeza duara, mdogo wangu," nikamwambia. "Halafu weka tisa, moja kila sehemu ya ini, kama tulivyofanya mara ya kwanza."

Akayaweka moja moja, akikwepa mishipa, akikwepa kingo. Ilimchukua kama dakika nne. 9.1.