Chubwi Inayolala

Desemba 1996 nilisubu risasi kwa mara ya kwanza, uani kwa mjomba wangu, Mjimwema, Kigamboni. Nasema risasi kwa maana ya madini, na kusubu ni kuyayeyusha na kuyamimina kwenye kalibu yapate umbo. Lugha yetu imeyapa jina moja madini yale mazito ya kijivu na kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki, na siku hiyo jina hilo lilimleta mjumbe wa nyumba kumi mbio mpaka mlangoni. Sisi tulikuwa tunatengeneza chubwi, zile za kuzamisha ndoana.

Nilikuwa na miaka 19, najifunza useremala Keko. Kila Jumamosi jioni nilipanda pantoni pale Magogoni kwenda kulala kwa mjomba. Daraja la Kigamboni lilikuwa bado. Lilifunguliwa miaka ishirini baadaye, 2016. Mjomba alikuwa mvuvi wa mshipi, na taabu yake ilikuwa moja tu. Kati ya pwani yetu na kisiwa cha Sinda, bamvua likiingia, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mchanga, mkondo ni mkali. Chubwi za mviringo alizonunua Feri zilibiringika chini, mshipi ukahama na kuacha mwamba wenye changu. Zile zenye pembe kama piramidi zilishika mchanga vizuri sana, lakini zikiingia kwenye tumbawe hazirudi. Alikuwa anapoteza nne, tano kwa safari moja.

"Wewe unachonga mbao," aliniambia usiku mmoja akifunga ndoana. "Nichongee chubwi inayolala."

Nilimuuliza kwa nini asitumie mawe tu kama wavuvi wa zamani. Akanipa jiwe na kipande cha risasi, vyote vimefungwa uzi, akaniambia nivitumbukize kwenye ndoo nione mwenyewe. Jiwe lilikuwa jepesi ghafla. Risasi ilibaki vilevile mkononi. Hesabu yake niliielewa baadaye. Jiwe gumu la kawaida likizama baharini hupoteza zaidi ya theluthi ya uzito wake, lakini risasi, ambayo ni nzito mara 11 kuliko maji, haipotezi hata sehemu moja ya kumi. Ndiyo maana chubwi ndogo ya risasi inafika chini wakati jiwe kubwa bado linasukumwa na mkondo.

Risasi tuliipata kwa mafundi pancha wa Temeke, vile vipande vinavyobanwa kwenye ringi za magari ili tairi lisitikisike. Ni ngumu kidogo kwa sababu imechanganywa na antimoni. Mtu mmoja alituletea sahani za betri bure, mjomba akazikataa palepale. Alisema ile ina tindikali na vumbi lake ni sumu, na uani kwake kuna watoto. Watoto wenyewe walifukuzwa kwa jirani kila tulipowasha moto. Karai la chuma tulilotumia shangazi alilipiga alama ya rangi nyekundu lisirudi jikoni kamwe, na hatukuruhusiwa kugusa chakula kabla ya kunawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Nawashukuru wote wawili mpaka leo.

Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi. Moto wa mkaa uliopepewa vizuri unatosha kabisa. Mjomba alikaa upande unaotoka upepo, na mimi nyuma yake. Vibanio vya chuma vilielea juu kama majani, tukavichota. Kisha alidondosha kipande cha mshumaa, moto ukaruka juu ya karai, akakoroga, na taka zote zikapanda. Chini ya utandu ule palibaki kitu kinachong'aa kama kioo. Sijaona kitu kizuri kama kile uani kwa mtu.

Kalibu zangu za kwanza nilizichonga kwa masalio ya mninga ya Keko. Chubwi ya kwanza ilitoka na makunyanzi kama ngozi ya mzee, maana kalibu ilikuwa ya baridi na risasi iliganda kabla ya kujaa. Ya tatu ilitoka safi. Ya tano ilikuwa na matundu, mbao imeanza kuungua ndani na kutoa moshi. Nilijaribu umbo la yai, la tone la maji, la ulimi. Zote zilishuka vizuri, na hakuna iliyolala.

Ilikuwa msimu wa maembe. Nikiwa nimekaa kwenye kigoda nakula dodo, nikalitazama kokwa mkononi. Bapa, pana katikati, kingo nyembamba, mgongo umeinuka kidogo. Nikalitupa kwenye beseni la maji lililokuwa limeinamishwa, nikalivuta kwa uzi. Lilipanda juu kama tiara. Nikajua hapo hapo. Kitu bapa mkondo unapita juu yake, na kikivutwa kinainuka, hakichimbi.

Nikakoroga jasi, nikalikandamiza kokwa lililokauka, nikalipaka sabuni, nikamwaga nusu ya pili. Siku mbili juani. Kwa nje kalibu ilikuwa nyeupe na kavu, ukiigonga inalia. Nilimwambia mjomba iko tayari, naye akaniamini.

Alimimina yeye. Kulitokea mlio mmoja, pah, na risasi ikaruka juu kama mafuta ya moto yaliyomwagiwa maji. Ndani ya jasi kulikuwa na maji bado. Yalipokutana na moto ule yakawa mvuke papo hapo, na mvuke unataka nafasi zaidi ya mara elfu moja ya maji. Mjomba alikuwa amenisukuma kifuani kabla sijaelewa. Tone moja lilimtua mkononi, chini kidogo ya kiwiko. Mimi nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote: "Risasi imempata mjomba! Risasi!"

Mjumbe alifika na watu sita, mmoja ana rungu. Walimkuta mjomba ameketi, mkono ndani ya ndoo ya maji, mimi nalia.

"Mwenye bunduki yuko wapi?"

Mjomba alilionyesha karai kwa kidevu. Ilichukua muda watu kutulia. Mjumbe alitukanya kwa ukali, na alikuwa na haki, kisha akaokota chubwi moja ya ulimi iliyokuwa imepoa, akaipimapima kiganjani.

Miaka mingi baadaye nilisoma kuhusu Wamarekani wanaosubu risasi za bastola nyumbani kwao, kama Elmer Keith wa Idaho, aliyebuni risasi yenye pua bapa na bega lenye ukingo mkali ili itoboe tundu safi. Nilishangaa kukuta wanahangaikia yaleyale: kalibu ya baridi, makunyanzi, tone la maji, na umbo.

Mjomba hakunigombeza. Alipofungwa kitambaa alinitaka niivunje kalibu vipande viwili, niweke kidole katikati ya jasi. Palikuwa na ubaridi, kama ukuta wa kisima. "Umepaona?" akasema. Basi.

Kalibu ya pili niliikausha siku tano juani, kisha usiku mzima juu ya makaa yanayofifia, nikiigeuza kila nilipoamka. Nikaifukiza masizi ya kibatari. Tulisubu kumi na mbili, makokwa kumi na mawili ya kijivu, yana mpaka nyuzinyuzi za embe mgongoni.

Asubuhi ya bamvua tulikwenda na ngalawa, Sinda iko mbele yetu. Mjomba alifunga kokwa kwa uzi mwembamba kuliko mshipi, ili likinasa likatike lenyewe tu, akalishusha. Lilishuka taratibu likiyumba, tofauti na tufe linalokwenda moja kwa moja, na hilo halikumpendeza. Lilipofika chini akashika mshipi kwa kidole kimoja. Alingoja. Mkondo ulikuwa unapita ubavuni mwa ngalawa kwa sauti.

Kisha akanikabidhi mshipi bila kusema kitu, na mkono wake wenye kitambaa ukabaki juu ya wangu. Mshipi ulikuwa umenyooka, umetulia, hausogei.