Mkono wa Kushoto

Januari 2018 barafu ya Tallinn, mji mkuu wa Estonia, ilinipata. Nilikuwa nateremka ngazi za bweni, miguu ikateleza, nikaangukia mkono wa kulia na kifundo kikavunjika. Hospitalini walinipiga picha, wakanifunga hogo, wakaniruhusu kuondoka bila karatasi hata moja.

Hilo la karatasi lilinisumbua kuliko maumivu. Mimi nimekulia kwenye madaftari ya kliniki. Mama alikuwa akiyafunga yetu ndani ya mfuko wa rambo na kuyaweka chini ya godoro, maana faili la hospitali likipotea unaanza upya kana kwamba hujawahi kuugua.

Mkenya mmoja niliyesoma naye utawala wa kielektroniki alinicheka, akaniambia nichomeke kitambulisho changu cha ukaazi kwenye kompyuta. Kadi za Estonia zina chipu. Nikabonyeza namba ya siri kwa mkono mzima, taratibu. Taarifa zangu zote za matibabu zilikuwepo, pamoja na orodha ya kila aliyezifungua, jina na saa. Mmoja sikumfahamu. Nikaendelea kusoma kwa msaada wa programu ya tafsiri, nikakuta nimevunjika mkono wa kushoto.

Nilimfuata mwalimu wetu na swali la kichokozi: blokucheni yenu inayosifiwa dunia nzima, ule mnyororo wa kumbukumbu zisizoweza kubadilishwa kimyakimya, mbona imeupokea uongo huu?

Hakukasirika. Watu husema Estonia imeweka magonjwa ya wananchi kwenye blokucheni, akasema, na si kweli. Mafaili yanakaa kwenye hifadhidata za kawaida. Kinachoingia kwenye mnyororo ni heshi tu, mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutoka kwenye faili. Ukibadilisha nukta moja, heshi inakuwa nyingine kabisa. Heshi nyingi huunganishwa mpaka inapatikana moja ya juu, na kampuni ya Guardtime huichapisha kwenye gazeti la Financial Times. Anayetaka kughushi ya nyuma akusanye kwanza nakala zote za gazeti zilizokwisha kuuzwa. Mwaka 2007 nchi yao ilishambuliwa mtandaoni, benki, magazeti na tovuti za serikali zikayumba. Mwaka uliofuata walikuwa wakiijaribu teknolojia hii, na mwaka 2016 ikaanza kazi ya kulinda rekodi za afya za watu zaidi ya milioni moja, pamoja na kumbukumbu za nani kazifungua.

"Lakini mnyororo haujui mkono upi umevunjika," akamalizia. "Unachojua ni kama kuna aliyegusa faili baada ya daktari kutia sahihi."

Nilipokwenda kuangaliwa tena, daktari mwingine alisoma kwenye skrini, akaomba nimpe mkono wa kushoto. Nikamwonyesha hogo. Alicheka mpaka nami nikacheka, akaandika marekebisho palepale. Yule nisiyemfahamu, akaniambia, ni bingwa wa mifupa aliyeombwa ushauri usiku ule. Jioni nikafungua tena: waraka mpya upo, na ule wenye kosa upo vilevile, haukufutwa.

Dada yangu ni nesi katika zahanati huko nyumbani. Nilimpigia nikamsimulia yote, nikijua mambo ya mkono wa kushoto yatamchekesha. Hayakumchekesha, ameona makubwa zaidi. Alichokamata ni ile orodha.

"Yaani mgonjwa mwenyewe anaona nani kamsoma?"

"Anaona, dada. Na daktari akichungulia bila sababu anaweza kushtakiwa."

Akanyamaza kidogo. "Mdogo wangu, huku mtu akisoma faili lako, majirani ndio wanaokujulisha."

Nikaanza tena habari za heshi na gazeti. Akanikatiza, akataka nimsomee majina.